Mbu Wana Uhakika Kunizidi

Kazi yangu ni kulisha mbu. Nina shahada ya uzamivu, makala zangu zimo kwenye majarida, na kila asubuhi hapa Ujerumani navua koti la baridi, naingia kwenye chumba chenye joto la nyuzi 27 na unyevunyevu wa asilimia 80, nawapa mbu maji ya sukari. Mama mdogo yuko Muheza. Alipoielewa vizuri kazi yenyewe alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, umewaruka mbu wote hawa wa hapa, ukaenda kuwafugia Wazungu?"

Nikamwambia mbu wenyewe wanaishi vizuri. Umeme ukikatika wana jenereta yao, wakati mimi ofisini naambiwa nivae sweta. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, "unaweza kuongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha." Kauli hiyo ukiipata kwa mtu unayemdai, unajua hapo hakuna kitu.

Sisi watafiti wa mikataba baada ya uzamivu ndio tunaoitwa mapostidoki. Si wanafunzi, kwa hiyo hakuna nauli ya mwanafunzi. Si wahadhiri wa kudumu, kwa hiyo mwenye nyumba aliusoma mkataba wangu akaniuliza kama nina mzazi wa kunidhamini. Nina mvi! Tangazo la kazi nalo lilitaka mtafiti "anayejitegemea", afanye kazi chini ya profesa, kwa wazo la profesa, kwa fedha zilizoombwa na profesa. Hilo nimelizoea. Linaloniudhi ni kutakiwa mtu mwenye uzoefu mwingi ambaye amehitimu juzi.

Huku kuna sheria ya mwaka 2007. Mikataba ya muda ya kujiendeleza kitaaluma ina kikomo: miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake, watafiti wa tiba wakiongezewa hadi 9. Ukifika mwisho, upate kazi ya kudumu, nazo ni za kuhesabu, au mkataba mwingine wa fedha za mradi, au ufungashe. Wizara ya elimu na utafiti ikatengeneza katuni ya mtafiti aitwaye Hanna, kutueleza kwamba utaratibu huo ni mzuri, ili kizazi kimoja kisije kikaziba nafasi zote. Kuziba! Mwaka 2021 watafiti waliichachamalia mtandaoni, kila mmoja akijitaja, "Mimi ni Hanna." Katuni ikaondolewa. Sheria ikabaki.

Nikageukia ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ule wenye jina la Marie Skłodowska-Curie. Fedha zake nzuri, sina neno. Sharti lake: katika miezi 36 iliyotangulia, usiwe umeishi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi unayoiombea. Kwa hiyo sasa ambapo nimejua kuagiza mkate kwa Kijerumani bila kunyoosha kidole, natakiwa nikaanze Kireno.

Wewe unayemalizia uzamivu pale Mlimani au Sokoine, ukiona tangazo la taasisi yenye jina refu, usianze na jina. Shuka hadi panapotajwa muda wa mkataba, halafu uulize kibali cha ukaazi kinakuwaje mkataba ukiisha. Na kama tangazo ni la maabara ya mbu, Ujerumani, nakuomba sana usiombe. Nafasi hiyo bado nimeikalia mimi.