Kilo Moja na Robo

Vifaranga watatu wametoka leo alfajiri, na wawili kati yao hawana unyoya shingoni. Jirani yangu alikuja na kikombe cha uji, akachungulia boksi, akapiga funda moja taratibu, kisha akasema, "Hongera, baba. Wamefanana na baba yao." Baba yao ni jogoo wake. Kishingo. Mtaa wetu wote hauna jogoo mwingine mwenye shingo kama goti la mtoto.

Mayai ni yangu. Mitetea ni wangu. Pumba na dagaa nanunua mimi. Na jogoo ninaye: nilimlipia shilingi 25,000 nikampakata kwenye daladala kama mwana wa mfalme. Uji ule bado unaniunguza, na wala sikuunywa mimi.

Jogoo wangu ni ching'wekwe, wale kuku wafupi wa huku kwetu Morogoro ambao wakitembea unadhani wamekaa. "Huyu bado pora, mzee," muuzaji aliniambia. "Mpe miezi miwili, hutamtambua." Sasa, pora hana kipi. Nyuma ya mguu wake kuna kidutu tu, kama punje ya mtama. Huyu alikuwa na kipi kirefu kama pingili ya kidole changu, kimepinda juu kama pembe ya kifaru. Nilikiona. Nikakishika. Nikasema, "Ana kucha nzuri." Muuzaji akakubali kwamba kweli, kucha ni nzuri. Dukani wakanipimia kwenye mzani: kilo moja na robo, pamoja na mfuko.

Nyumbani walikuwa wakimngoja mitetea kumi na mmoja, chotara wa Sasso, mwekundu mmoja baada ya mwingine, mwepesi wao ana kilo mbili na nusu. Kiongozi wao tunamwita Bi Mkubwa. Huyo akiruka kutoka banda kuja chini, masufuria jikoni hujibu.

Nilimfungulia Jumapili saa nne asubuhi. Mtu mwenye akili angemfungulia usiku, au asingemfungulia kabisa, lakini mimi nilitaka mashahidi. Nilitoa viti nje. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea tangu Ijumaa, nilimpa kile chenye mto. Watoto wakakaa kwenye ndoo. Nikaliweka tenga katikati ya uwanja, nikakata kamba kwa kisu, na Mungu anisamehe, nilisema maneno machache.

Jogoo akatoka. Akajikung'uta. Akashusha bawa moja mpaka likachora mstari mchangani, akaanza kumzunguka Bi Mkubwa kwa hatua za pembeni. Hiyo ndiyo posa ya jogoo, na kusema kweli aliitoa vizuri. Bi Mkubwa akamtazama kwa jicho la kulia. Akageuza kichwa, akamtazama kwa la kushoto, maana kuku akikagua jambo hulipeleka kwa kila jicho peke yake. Macho yote mawili yakatoa jibu moja.

Alimdonoa utosini, mara moja. Wenzake kumi walikuwa wakichakura huko na huko kama wasiohusika, lakini sauti ya ule mdomo kwenye fuvu iliwafikia wote kwa pamoja. Jogoo wangu akapita chini ya benchi, akapita kati ya miguu yangu, akazunguka pipa la maji mara mbili, kilo thelathini za wanawake nyuma yake, kisha akaona mahali pekee penye giza na usalama katika uwanja mzima. Akaingia chini ya kanga ya mama mkwe.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mkwe wako hupeani naye mkono ovyo. Ukimkuta njiani unapisha. Mimi mama huyu nimekaa naye miaka tisa sijawahi kumtazama machoni kwa muda unaofika kuhesabu tano. Sasa mali yangu ya shilingi 25,000 iko ndani ya kanga yake, inahema, na mitetea kumi na mmoja wamekizingira kiti kama askari wanaosubiri amri.

"Mwanangu," alisema, sauti ya upole kabisa, "hebu mwondoe kuku wako."

Nikapiga goti. Nikageuza uso upande wa choo, nikanyoosha mkono kuelekea upande wa kiti, mkono ukasimama hewani hauna pa kwenda. Nikamwita mke wangu. Mke wangu alikuwa ameshika nguzo ya baraza, machozi yanamtoka, hawezi kutembea. Nikawaita watoto. Mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye ndoo. Nilibaki pale nikitazama choo na kusema "samahani, mama" mara nyingi kuliko swala zangu za mwezi ule, mpaka Bi Mkubwa alipochoka kusubiri. Akainamisha kichwa akaingia mwenyewe.

Kilichotoka kwanza ni kelele. Kisha mama mkwe akasimama, kiti kikalala chali, na jogoo akapaa, jambo ambalo kilo moja na robo inaliweza na kilo tatu haziwezi. Akatua juu ya ukuta wenye chupa, akatazama nyuma, akajitupa kwa jirani. Nikamfuata kwa ngazi ya fundi. Chupa moja ikashika suruali nyuma, ikabaki nayo. Upande wa pili Kishingo alikuwa anaoga vumbi. Alimtazama jogoo wangu, akanitazama mimi, akaendelea kuoga. Vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama mlangoni. "Mzee," mmoja akauliza, "kijogoo kimepewa talaka siku ya harusi?"

Jirani akanifunga kanga kiunoni bila kuniangalia, akanikabidhi jogoo wangu, akasema, "Pole, baba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Methali hii nimeitumia mara nyingi, kila mfanyakazi mpya anapotumwa kununua chai. Siku zote nilidhani inasema juu ya watu. Kumbe ni maelekezo ya ufugaji.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa kuku, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona nilivyompeleka yule kiumbe mahakamani bila wakili. Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza tangu utotoni kuandika kwenye daftari nani kamdonoa nani katika kuku wa nyumbani kwao, na miaka ya mwanzo ya 1920 akayachapisha. Aligundua kwamba kundi la kuku ni foleni. Wa kwanza humdonoa kila mtu. Wa pili humdonoa kila mtu isipokuwa wa kwanza. Wa mwisho hudonolewa na wote na hana wa kumdonoa. Tena foleni hiyo huweza kujipinda: huyu anamtawala yule, yule anamtawala wa tatu, na wa tatu anamtawala wa kwanza, kama familia zetu. Wala foleni si ukatili wa bure. Ikishapangwa ugomvi huisha, jicho moja linatosha, kila mmoja anajua zamu yake kwenye pumba.

Mgeni akiingia, hana namba. Lazima kesi yake isikilizwe na kila mwenyeji peke yake. Kwa kawaida jogoo mzima hasimami kwenye foleni ya majike. Mashindano yake ni na madume wenzake. Lakini haki hiyo inategemea majike wamtambue kuwa ni jogoo. Bi Mkubwa alimtambua kuwa ni kifaranga chenye maringo.

Basi kuna utaratibu. Mgeni unamtenga kwanza wiki mbili, mbali kabisa, uone kama hana ugonjwa, maana mdondo unafagia banda zima na haumwogopi mwenye kilo tatu. Mwenyewe nilikuwa nimewachanja, tone moja jichoni kila miezi mitatu, lakini karantini ni karantini. Kisha unamsogeza, unaweka wavu kati yao, waonane wasifikiane, siku saba au zaidi. Unaweka vyombo viwili vitatu vya chakula, wakubwa wasiweze kuvilinda vyote kwa wakati mmoja. Halafu, usiku, unamchukua taratibu unampachika kwenye fito katikati yao. Kuku haoni vizuri gizani. Asubuhi wanaamka wakiwa tayari wamelala pamoja, na wengi huona haya kuanzisha vita na mtu waliyeegemeana naye usiku kucha. Kamba humzuia mgeni kurudi alikotoka. Wavu huwazuia wenyeji kumfikia. Bibi zetu walijua nusu ya mambo haya kwa maneno matano, na mimi nilihitaji suruali.

Hata baada ya kujua nilikosea. Utosini alikuwa na damu, na damu huwaita kuku wadonoe zaidi, kwa hiyo nilimpaka GV, ile dawa ya zambarau. Vizuri. Ila kuku hutambuana zaidi kwa kichwa na upanga, na mimi nilikuwa nimempaka kichwa kizima. Zile kesi mbili tatu alizokuwa ameshamaliza kupitia wavuni zikafunguliwa upya, maana aliyesimama pale sasa ni mtu mwingine kabisa, tena wa zambarau. Kidole changu nacho hakikutakata kwa siku nne. Ofisini waliniuliza nimepiga kura wapi.

Yaliyofuata ni madogo. Usiku wa kwanza kwenye fito Bi Mkubwa alimlalia. Usiku wa pili alilala juu ya Bi Mkubwa, wakanyamaza wote wawili. Kuwika anawika, lakini utafiti wa Wajapani uliochapishwa 2015 umeonyesha kwamba jogoo wa daraja la juu ndiye huanza na wengine hufuata kwa zamu. Wangu humsubiri Kishingo wa ng'ambo ya ukuta amalize, kisha hukohoa.

Siku moja tu nilimwona akiwa mwanaume. Mvua ilikuwa imekatika, kumbikumbi wanatoka kwenye ufa wa msingi. Alimshika mmoja, akamwacha, akamshika tena, akamwacha, akiita "ko-ko-ko-ko" kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. Mitetea wakaja. Hakula hata mmoja yeye. Bi Mkubwa alidonoa mbele ya mdomo wake, taratibu, na hakumgusa. Nilisimama na ndoo yangu nikaona fahari ambayo siwezi kumweleza mtu.

Kupanda ni habari nyingine. Anafika mgongoni, hilo silipingi. Anashika manyoya ya shingo kama inavyotakiwa. Lakini shughuli yenyewe hufanyika mkiani, na yeye akishika shingo Morogoro mkia wake uko Chalinze.

Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Nililipa shilingi 30,000 kuhudhuria semina ya ufugaji ya siku moja, chai na andazi vikiwemo. Mtoa mada alichora kuku kumi ubaoni, akawazidisha, akawazidisha tena, na ilipofika saa saba mchana tulikuwa na kuku 4,000 na gari. Ubaoni hakuna mdondo. Ubaoni hakuna mwewe wala kicheche. Hakusema kwamba chotara hawa walichaguliwa kwa nyama na mayai, na hamu ya kuatamia kwa wengi wao imebaki huko walikotoka. Hakusema neno juu ya jogoo. Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa amechukua mkopo wa kikundi, akinakili kila namba kwa kalamu ya mtoto wa shule. Marejesho ya kikundi ni kila wiki. Yai linataka siku ishirini na moja. Hiyo ndiyo hesabu moja ambayo haikuandikwa ubaoni, na yule bwana alikuwa anaijua.

Mitetea wangu hawakuatamia, kwa hiyo niliazima koo wa jirani, nikamwekea mayai kumi. Siku ya saba nikayamulika kwa tochi ya simu gizani: saba meupe kama balbu, matatu yana mishipa myekundu kama buibui. Nililia kidogo. Sikuwa nimesoma bado kwamba mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo tumboni wiki mbili hivi. Wala sikuwa nimesoma kwamba mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead waliandika kwenye jarida la Nature kuwa kuku jike aliyepandwa na dume wa daraja la chini huweza kuitema mbegu yake. Kuitema! Na ukuta wetu, kama suruali yangu inavyoshuhudia, unapandika kutoka pande zote mbili.

Jeni ya shingo tupu ina nguvu; mzazi mmoja akiwa nayo inaonekana kwa mtoto. Lakini kama Kishingo aliirithi upande mmoja tu, nusu ya watoto wake hutoka na manyoya kamili. Kwa hiyo huyu kifaranga wa tatu, mwenye shingo iliyofunikwa vizuri, si ushahidi wa lolote. Najua hivyo. Jirani naye anajua, na kwa adabu yake amemaliza uji wake bila kulisema.

Alipoondoka nilichukua uzi mwekundu kwenye kikapu cha mama watoto, nikamfunga huyo wa tatu mguuni.