Jembe Si Kiboko: Mambo Tisa ya 4-K, Tukishuka Kutoka la Tisa

Siku ya soko pale Kiirua, Meru, litaje jina la 4-K karibu na wauza waru, yaani viazi, kisha utege sikio. Mtu wa makamo atacheka kwanza, halafu atakuhadithia habari za sungura. Kama hujapita huko, 4-K ni chama cha kilimo cha watoto wa shule za msingi, na K zake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kaka na dada zao wa sekondari wana Young Farmers, chama kinacholelewa na ASK, wale wenyeji wa maonyesho ya kilimo.

Nimeyapanga mambo tisa kutoka la mwisho hadi lile ninalolishikilia kwa mikono miwili. Ukiona mpangilio haukuridhishi, tukutane stejini Kiirua. Mimi nitakuja na hoja, wewe njoo na chai.

9. Chama hiki kiliitangulia bendera

4-K ilianza mwaka 1962. Madaraka yalikuja Juni 1, 1963, na uhuru kamili Desemba 12 mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watoto waliokwisha kuapa kuisaidia Kenya wakati Kenya yenyewe bado inashonewa bendera. Mtu akikuambia vijana hungoja serikali iwaamshe, msomee tarehe hizo polepole.

8. Binamu wako kila pembe

Mwaka 1902, mkuu wa shule za mashambani katika jimbo la Ohio, Marekani, aitwaye A. B. Graham, aliwakusanya watoto wapande mahindi na wapime udongo wa kwao kwa karatasi za litmasi. Hicho ndicho chanzo cha 4-H, ambayo ndiyo iliyoigwa na 4-K. Mwaka 1921, kijijini Hemyock, Uingereza, watoto walipewa ndama wafuge, na vyama vya wakulima vijana vikaanzia hapo. Mwaka 1928, jijini Kansas City, wavulana wa shule za sekondari wakaunda chama cha kilimo cha FFA, ambayo baadaye ilijulikana kwa koti la kodrai la buluu.

Koti ni zuri, sikatai. Lakini Julai huku kwetu, upepo ukishuka kutoka Mlima Kenya alfajiri, mtoto wa 4-K huenda kulisha sungura akiwa na sweta ya shule, na juu yake koti la mama. Hao binamu wangeona hilo wangeomba na wao.

7. Nyumbani walikuwa wamekwisha kuonja

Hapa ndipo historia ya Meru na Embu inaponoga. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa. Zao hilo lilihodhiwa na walowezi. Katika miaka ya 1930 serikali ilikubali majaribio katika sehemu tatu tu: Kisii, Embu na Meru. Mkulima alipewa miche michache, akasimamiwa hatua kwa hatua, na walowezi wakawa na hofu kwamba kahawa ya jirani ingeleta magonjwa na kuharibu bei. Haikuharibu. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, ukapanua kilimo cha mazao ya biashara na kuanzisha utoaji wa hati za mashamba.

Kwa hiyo 4-K ilipobisha hodi mwaka 1962, haikuwakuta watoto wanaoona kilimo kama balaa la urithi. Iliwakuta wengine ambao karo yao ilitoka kwenye kahawa, na waliomwona baba akirudi kutoka ushirika na malipo mfukoni. Mtoto kama huyo ukimwambia shamba ni kazi ya heshima, hakuulizi ushahidi.

Lakini haki itendeke: Kiirua si nchi ya kahawa. Iko upande wa mlima unaonyimwa mvua, ardhi ikiteremka kuelekea kaskazini kwenye joto. Hapa ni waru, mahindi, maharagwe, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Ukipanda kuelekea Timau unakutana na ngano na shayiri. Mtu wa Nkubu akianza kujigamba kwa kahawa yake, mtu wa Kiirua humngoja amalize, kisha humuuliza chipsi alizokula mchana zilitokana na nini.

6. Skauti aliyepewa wizara

Embu ilimtoa Jeremiah Nyagah, waziri wa kilimo katika miaka ya 1970 na, kwa miaka mingi, kamishna mkuu wa maskauti wa Kenya. Mtu mmoja, mguu mmoja kambini na mwingine shambani. Sina la kuongeza. Wasifu wake umemaliza hoja kwamba malezi ya vijana na kilimo hushikana mikono.

5. Gitoro, na ile bilauri ya maji

Chama cha kilimo kisicho na siku ya kujionyesha hudhoofika. ASK mizizi yake ni ya mwaka 1901, na huku kwetu uwanja wake ni Gitoro, nje kidogo ya mji wa Meru. Shule huja na nyimbo, mashairi, kabichi kubwa kuliko kichwa cha aliyeibeba, na kuku aliyeoshwa hadi akakasirika.

Ukipita kwenye vibanda vya shule hizo, usisimame sana penye kabichi. Mtafute mtoto mwenye bilauri ya maji. Amekata kipande cha shina la waru lililonyauka, akakining'iniza ili mwisho wake uguse maji safi. Anakuambia ungoje. Baada ya dakika chache unaona nyuzi nyeupe, kama maziwa, zikiteremka kutoka kwenye shina. Huo ni mnyauko wa bakteria, adui mkubwa wa mkulima wa waru, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya. Mtoto anakuambia la kufanya: ng'oa mmea pamoja na udongo ulioushika, usiutupe kwenye mboji, tumia mbegu safi msimu ujao, na usirudishe waru, nyanya wala biringanya pale pale.

Wazee husimama hapo kuliko mahali pengine popote. Wengine wamepoteza shamba zima wakidhani ni jua. Na anayewafundisha ana miaka 11, sauti haijavunjika, na mikono yake iko nyuma kama mkaguzi wa shule. Kikombe cha ushindi wakipewa wenye kabichi, mimi bado natoka na bilauri.

4. Nani anamwagilia Desemba?

Swali hili limevunja vilabu vingi kuliko ukame. Mvua za Oktoba zinaponyesha, klabu inapanda. Waru zinapopendeza, shule inafungwa. Mnyama naye hajui likizo: sungura hubeba mimba kwa mwezi mmoja tu, na hatangoja kengele ya Januari ndipo azae.

Kwa hivyo klabu nzuri utaitambua kwa karatasi ndogo iliyobandikwa mlangoni pa stoo kabla ya kufunga: nani anakuja Jumatatu, nani Jumanne, nani ana ufunguo wa banda, na nani wa kuitwa akiugua mwenye zamu. Karatasi ile ni somo zima la uongozi, na haina hata sentensi moja ya hotuba.

3. Miaka ya ukame, na mvua ya 2021

Chama kilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, na tusiwalaumu watoto. Nguzo ya 4-K alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani, yule aliyefika shuleni na viatu vya matope na mbegu mfukoni. Marekebisho ya uchumi yalipobana matumizi ya serikali, maafisa waliostaafu wengi hawakupata wa kuwarithi. Wakati huo huo mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza kilimo katika mtihani wa darasa la nane. Ungedhani ni baraka. Lakini somo likiwa la mtihani, mwalimu hufundisha aina za udongo ubaoni huku udongo wenyewe uko nje ya dirisha, unamngoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, na kilimo kikapoteza nafasi yake kama somo la kujitegemea.

Mwaka 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizindua upya vilabu vya 4-K shuleni, wakati mtaala wa umilisi ukiwa umerudisha kilimo darasani kuanzia Gredi ya 4. Nilifurahi, na bado nimefurahi. Ila uzinduzi ni kama kupanda: picha hupigwa siku ya kwanza, palizi hufanywa bila mpiga picha.

2. Daftari la mweka hazina

Klabu huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti hupigiwa makofi. Katibu hupata kalamu mpya. Ukitaka kujua nani anakua kuwa kiongozi, mtazame huyo wa tatu.

Chukua waru aina ya Shangi, inayopendwa sana huku. Hupandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mbegu na mbegu, na kwa takriban miezi mitatu iko tayari. Ladha haina mpinzani, lakini ikishang'olewa huanza kuchipua mapema, kwa hiyo huwezi kuificha stoo ukingojea bei ipande. Mnunuzi anajua hilo vizuri sana. Anakuja na lori, na anakuja na gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kofia ya wavu juu hadi lifanane na mtu aliyevaa kilemba.

Tuseme klabu imevuna kilo 300. Kwa magunia ya kilo 50, hayo ni magunia sita. Kwa lumbesa ya kilo 150, ni mawili. Mnunuzi anataja bei ya "gunia" na kutabasamu. Mweka hazina wa miaka 12 anafungua daftari, anaona fedha za mbegu, za mbolea, za kamba, na za yule mzee aliyewasaidia kwa punda. Kisha anaomba mzani. Anajua kwamba kanuni za waru za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, na kwamba akikubali lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida, theluthi mbili ya jasho la wenzake imepanda lori bure.

Watu wazima wengi pale sokoni huona aibu kuomba mzani. Mtoto haoni. Na daftari likishasomwa mbele ya wanachama wote, kila senti na mahali ilipokwenda, wale watoto hawatamvumilia kwa urahisi mweka hazina wa ushirika atakayekuja baadaye na porojo.

1. Jembe lirudishiwe jina lake

Hili ndilo nililolibeba tangu la tisa. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni, na ilifanya vyema. Lakini katika shule nyingi jembe likapewa kazi ya kiboko. Umechelewa? Kalime. Umezungumza lugha ya mama? Kalime. Kelele darasani? Kata nyasi hadi kengele. Mtoto aliyelelewa hivyo kwa miaka minane, kisha akaambiwa siku ya mahafali kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, ana kila sababu ya kutafuta basi la Nairobi.

Jirani zetu wa Tanzania walilipima jambo hili mapema. Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakutaka tu shule iwe na shamba. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua kitakachopandwa, na waone wenyewe faida au hasara ya uamuzi wao. Pale ambapo shamba liligeuka kuwa shamba la mwalimu na watoto wakawa vibarua, nusu ya pili ya wazo hilo ndiyo iliyokuwa imesahaulika.

Nguvu ya 4-K iko hapo hapo. Ni klabu: mtoto anajiunga kwa hiari. Anapewa tuta lake, kijiti chenye jina lake kimechomekwa mwanzoni mwa mstari, na anachagua kati ya sukuma wiki na vitunguu. Vikistawi, ni vyake. Vikiliwa na mbuzi wa jirani, ni vyake vile vile, na ni yeye atakayekwenda kuzungumza na jirani kwa adabu.

Kwa hivyo, walimu wa Kiirua, Ruiri, Naari na kwingineko, ombi langu ni moja. Mtoto akikosa, liacheni jembe nje ya kesi hiyo. Siku mtakayomwona mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda shambani badala ya kutumwa huko kwa hasira, mwandikisheni siku hiyo hiyo. Na kama lazima adhabu ipatikane, mpeni hesabu za ziada. Najua mwalimu wa hesabu atalalamika, na atakuwa na haki; tutamwandalia orodha yake mwezi ujao.