Mmea wa Saloni na Chupa Zangu Tupu

Hapa kwangu Koni kuna mimea miwili ya kutambaa. Wa kwanza ni matembele. Uko nyuma ya jiko, kuku wanaukanyaga, hakuna anayeujali, na jioni unateremka tumboni pamoja na bukari. Wa pili uko saloni. Umepigiwa misumari ukutani, umefungwa kwa uzi, unapanguswa vumbi jani moja moja kwa kitambaa kibichi, na mimi nimekatazwa kuegemea upande ule. Wa kwanza unatulisha. Wa pili ukiutafuna unawasha kinywa kizima, maana majani yake yamejaa vichembe vyenye ncha vya oksaleti ya kalisi. Hata mbuzi wa jirani, ambaye alishakula kofia yangu ya kazi, aliunusa akaenda zake. Sasa niambieni, upi kati ya hii miwili ulistahili saloni?

Nisingenung'unika kama ungekaa mmoja. Lakini mama watoto akishika mkasi, hakuna wa kumzuia. Anafuata shina kwa kidole mpaka kwenye kifundo, pale panapochomoza kijizizi kifupi cha kahawia, anakata chini yake kidogo, anaondoa jani la chini lisije likaoza majini, kisha kipande kinaingia chupani. Chupa gani? Hapo ndipo kilio changu. Ya mayonezi haifai, inapitisha mwanga na maji yanageuka kijani. Inayotakiwa ni chupa ya bia, ile ya kahawia. Na kila mnywaji wa huku anajua kwamba depo haikupi bia bila chupa tupu mkononi. Mtaji wangu wote umepangwa dirishani, kila chupa imeota majani mdomoni. Nikidai hata moja naambiwa, "Papa, ngoja kwanza, mizizi bado midogo."

Ngoja hiyo ina majira yake. Wakati wa mvua ni wiki mbili, tatu, mizizi imejaa. Lakini ikifika Juni na Julai, baridi ya Katanga inapotutoa asubuhi na majaketi, kipande kinakaa tu majini. Hakifi, hakioti, na chupa haitoki. Mimi huo ndio msimu ninaouogopa kuliko wa mbu.

Halafu maji lazima yabadilishwe mara kwa mara, tena yatoke mtoni, ya bomba eti hayana nguvu. Fikirieni maji ya Lufira. Yameshazungusha mitambo ya umeme ya Mwadingusha, ambayo iko kazini tangu 1930, yakashuka yakakamatwa tena na mitambo ya hapa Koni, iliyoanza 1950. Maji yenye utumishi wa namna hiyo yalistahili pensheni. Kwangu yanapangiwa zamu ya tatu, kulea mizizi ya pambo.

Na wageni! Juzi alipita mama mmoja wa heshima kutusalimia. Jambo, jambo yenu, watoto hawajambo, lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa ukutani. "Papa, munikatie hata kadogo tu." Nikamchagulia jani lililonona kuliko yote, nikalichuma na kikonyo chake peke yake, bila kifundo. Nilijua ninachofanya. Jani la hivyo linaweza kukaa kijani miezi mingi, linaweza hata kutoa mizizi, lakini shina halitatoka kamwe, kwa sababu jicho la kuchipua liko kwenye kifundo. Mgeni anaondoka na furaha yake, mmea hauzagai: mimi naita huo ujirani mwema. Mama watoto akachungulia kutoka jikoni, akaona, akaja na mkasi. Yule mama alitoka na shina zima lenye vifundo vyake, tena ndani ya chupa. Chupa ya nani, sitasema.

Nikatishia kuufyeka wote. Mwenzangu akafurahi. "Kata, papa, mmea umekuwa na upara huku juu." Kumbe ncha ya shina ikiwa hai inayazuia macho ya chini yasichipue. Ukiikata, yanaamka, na palipokuwa na tawi moja panatoka mawili. Adui gani huyu, ukimpiga panga anaongeza jeshi? Tena usimpe mti wa kupanda: akiachwa aning'inie, majani yanabaki madogo, lakini akipata gogo la kukwea yanapanuka. Kwao msituni anafika mita 20. Dari yangu si mita 20.

Kwao kwenyewe ni Moorea, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Mwaka 1880 wataalamu waliuandika kwa jina la Pothos, wakauhamisha tena na tena, mpaka 1964 ukatulia kwenye Epipremnum. Hilo silishangai, nimezaliwa mkoa ulioitwa Katanga, ukaitwa Shaba, ukarudi Katanga, na tangu 2015 ni Haut-Katanga. Ninachoshangaa ni kwamba mmea wenyewe hautoi maua. Una hitilafu ya urithi, hautengenezi vya kutosha ile homoni ya kuuamsha uchanue, na bila ua hakuna mbegu. Maana yake ule wa Likasi kwenye meza ya mapokezi, ule wa Lubumbashi, ule wa Nairobi, karibu yote ni vipande vya vipande. Umezunguka dunia nzima bila mbegu, kwa nguvu za watu wenye mkasi na wasioona haya kuomba.

Nilipomaliza kumweleza hayo mama watoto, akaniuliza matembele yangu niliyapandaje mvua za Novemba zilipoanza. Ni kweli nilikata mashina, nikayachomeka kwenye tuta. Lakini matembele hayajawahi kunidai chupa.

Basi atakayepita Koni na kutaka kipande, abishe hodi tu, asione haya. Aje na chupa yake. Akileta mbili, nitamkatia kirefu mwenyewe, chenye vifundo vyote, kisha nitaomba ruhusa nifike depo kabla hawajafunga.