Mbuzi Ana Haki Kuliko Mpishi

Katika aibu zote zinazoweza kumpata mtu mzima ndani ya nyumba yake, kushindwa na nyanya ndiyo inayochelewa kupoa. Kushindwa na ng'ombe kunasameheka, ana pembe. Nyanya haina hata mfupa. Lakini wageni wakiwa sebuleni, pilau imeshafunuliwa na kinachosubiriwa ni kachumbari tu, nyanya inaweza kumtia mtu adabu ambayo hata mama mkwe hajawahi kumtia. Kisu kinawekwa juu ya ganda, kinasukumwa, ganda linabonyea bila kupasuka. Kinasukumwa kwa nguvu zaidi, kinateleza pembeni na kuanza kutafuta kidole. Mara ya tatu nyanya inapasuka yenyewe kwa hasira, mbegu zinarukia kwenye kanga, na kinachobaki kwenye kibao si kachumbari tena, ni ushahidi. Hapo mpishi huingia kwenye mbinu za kivita: huidunga nyanya kwa ncha, hupenyeza kisu kwenye tundu, kisha huichana kutokea ndani. Wengine hukata tamaa kabisa, wakachukua kisu cha mkate chenye meno na kuipiga msumeno nyanya ya watu. Kutoka sebuleni mtu anauliza, kwa upole wa kuua, kama kachumbari ya leo ni ya kula au ya kunywa. Kitunguu kinachoteleza, samaki anayenyofoka badala ya kukatika, na ndafu inayowatoa jasho maharusi wawili walioshika kisu chenye utepe huku mshereheshaji akijaza muda kwa utani, wote hao ni ndugu wa nyanya hiyo. Nami nashikilia kwamba ukoo mzima una chanzo kimoja: hatuna uhaba wa visu, tuna uhaba wa mtu anayehesabu kunoa kuwa ni kazi yake.

Ni vizuri kumwelewa mshindi kabla ya kumlaumu mshindwa. Nyanya iliyoiva ni mtego uliotegwa kwa akili: nje ina ganda jembamba lakini gumu kuchanika, ndani ina nyama na maji visivyoweza kubeba uzito wowote. Kisu kinatakiwa kipasue ganda kabla nyama ya chini haijasalimu amri. Kinachoamua ni wembamba wa ule ukingo unaogusa ganda, maana nguvu ile ile ya mkono ikikusanyika kwenye mstari mwembamba inakata, na ikitawanyika kwenye mstari mpana inabonyeza tu. Makali ya kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri yana unene wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani huyazidi mara 50 na zaidi. Kisu butu hakina mstari huo. Kina kijibapa cha mviringo, tena kinaonekana kwa macho: shika kisu chini ya taa, makali yakiwa juu, ukitazame kwa urefu wake. Palipo na makali ya kweli huoni kitu, kwa kuwa hapana eneo la kurudisha mwanga. Palipokufa panameremeta. Hicho ni kipimo cha bure kabisa, na majibu yake ni ya kusikitisha, maana visu vingi vya majumbani vinameremeta toka ncha mpaka kwenye mpini. Halafu kuna kuvuta. Kisu kinachoshuka huku kikivutwa hulichana ganda kwa msukumo mdogo kuliko kinachogandamizwa wima, ndiyo maana fundi wa bucha hana desturi ya kukandamiza nyama. Mkono wake unavuta, na nyama inaachana.

Kitunguu nacho kimesingiziwa mengi. Ndani yake kimeng'enya na malighafi yake hukaa vyumba tofauti, na havikutani mpaka seli ivunjwe. Vikikutana ndipo huanza safari ya kutengenezwa ile gesi inayochoma macho. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walieleza katika jarida la Nature kimeng'enya kingine kinachokamilisha kazi hiyo, na mwaka 2013 wakatunukiwa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kisu kikali hupita na kuvunja seli zilizo njiani mwake. Kisu butu huzisaga na za majirani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya machozi tunayokilaumia kitunguu tungepaswa kuyapeleka kwenye droo ya visu. Na wala si kwamba makali yanahitaji kuonewa sana ndipo yafe. Mwaka 2020 watafiti wa MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science kwamba wembe humegeka kwa kukata nywele, ingawa unywele ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi. Ikiwa unywele wa ndevu unaweza kuumega wembe, sina haja ya kueleza kuku wa kienyeji mwenye umri wa miaka mitatu anakifanya nini kisu.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la fedha: visu vizuri ni vya ghali, ni vya matajiri na wapishi wa hoteli. Jibu liko sokoni. Mtazame mama mboga anavyokata sukuma wiki, fungu zima likiwa limekunjwa ndani ya kiganja, bila kibao, majani yakidondoka membamba kwenye mfuko huku macho yake yakiwa kwa mteja wa pili. Kisu chake kimefungwa mpira wa tyubu kwenye mpini, na kimenolewa mpaka bapa limebaki nusu ya upana wake wa kuzaliwa. Pembeni yake hapakosi kipande cha jiwe. Nenda Feri, Dar es Salaam, uone samaki wanavyopaliwa na kupasuliwa. Simama kwa muuza madafu. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kuwa kuna mji wa Ujerumani uitwao Solingen uliojenga jina lake kwa visu, wala hawahitaji kujua. Kinachowaunganisha ni kwamba kisu kikiwa butu, wao hupoteza pesa. Nyumbani hakuna anayepoteza pesa, anapoteza ngozi tu, tena ya mtu mwingine. Kwa upande wa pili, ile seti ya visu sita na mkasi iliyotolewa kwenye kichenpati bado iko juu ya kabati ndani ya boksi lake, ikisubiri mgeni ambaye hatakuja. Kununua kisu cha ghali bila jiwe la kunolea ni sawa na kununua gari bila kujua kwamba kuna kitu kinaitwa mafuta.

Hata hivyo kuchagua kuna maana, na hakuhitaji seti. Nyumba inatosheka na kisu kimoja chenye bapa la sentimita 15 hadi 20, kidogo cha kumenyea, na cha meno kwa ajili ya mkate, kibaki huko huko kwenye mkate. Tafuta ambacho chuma chake kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho na kushikwa kwa ribiti, kwa sababu mpini unaocheza leo utakuacha na bapa mkononi kesho. Kitazame kwa mbele: kiwe kinapungua unene kwa utaratibu kuelekea kwenye makali, maana kisu kinene hupasua karoti badala ya kuikata. Kuhusu chuma, ushindani ni wa zamani. Harry Brearley alipotengeneza chuma kisichoshika kutu huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, mafundi visu wa mji huo walimdhihaki kuwa amevumbua visu visivyokata. Walikuwa na haki ya kucheka, lakini chuma chenye kromiamu ya asilimia 10.5 na zaidi kilistahimili limau na chumvi, na baada ya muda kikajifunza kukata pia. Visu vya Kijapani huwa vigumu, vya Kijerumani laini kiasi. Kigumu hutunza makali muda mrefu lakini humegeka kikikutana na mfupa. Laini hujikunja upesi na kunoleka upesi. Kwa jiko ambalo jioni yoyote linaweza kuletewa kuku mzima, laini ndiye mwenza wa kuishi naye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kisu kikali ni hatari, hasa penye watoto. Nalikubali nusu. Makali yakikupata, yanaingia, hayaombi ruhusa. Na mtu aliyezoea kusukuma kisu butu kwa nguvu za bega zima anapaswa kuwa mwangalifu siku za kwanza akipewa kikali, maana mkono wake bado unapigana vita iliyokwisha. Lakini kisu butu hakiwi salama kwa kuwa butu. Kinadai nguvu, na nguvu hiyo haipotei kisu kinapoteleza kwenye ganda la nyanya. Inahamia kwenye kidole kilicho jirani. Kuhusu watoto, ncha ya kisu butu inachoma vile vile, na kinachowalinda ni mahali kisu kinapowekwa. Anayekiacha kisu ukingoni mwa meza kwa kuwa "hakikati" ameshindwa hesabu mbili kwa mpigo.

La tatu husema kunoa ni ufundi wa watu, mnoa visu wa baiskeli yupo, atapita. Namheshimu sana. Anaegesha baiskeli kwa stendi, anapiga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka na watoto wa mtaa mzima wanakusanyika. Lakini hizo hizo cheche zinapaswa kututia wasiwasi. Makali ni membamba, hayana pa kupeleka joto. Yakikandamizwa kwenye jiwe kavu yanageuka manjano, kahawia, zambarau, kisha bluu. Chuma cha kawaida kikifika kwenye bluu, karibu nyuzi 300, kimekwisha kupoteza sehemu ya ugumu wake, na hicho kisu kitakata vizuri wiki moja ya maonyesho. Fundi anayejua hugusa kidogo na kuchovya kwenye maji. Huyo mpe kisu kilichokufa akifufue. Kazi ya kukiweka hai ni ya nyumbani, na ni ya dakika chache: jiwe lenye sura mbili, ya kukwaruza na laini, limelowekwa na kuwekwa juu ya kitambaa lisiteleze. Pembe ya kunolea nayo haihitaji kifaa. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha nusu ya hiyo nusu. Hizo ni nyuzi 22 na kitu, nazo zinatosha. Peleka na kurudisha pembe ikiwa ile ile, mpaka ukipitisha kidole kwa uangalifu upande wa pili, kutoka ubavuni kuelekea nje, usikie mkunjo mdogo wa chuma ukikwaruza kwa urefu wote. Geuza, rudia, kisha malizia kwenye sura laini kwa mkono mwepesi. Asiye na jiwe akipindue kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyong'aa ni kinoo kamili. Ngazi ya saruji iachiwe panga.

Kinachobaki ni kuacha kukitesa kisu. Hakuna mfanyakazi mwenye majukumu mengi asiyoajiriwa kuyafanya kama kisu cha nyumbani. Kinabandua nazi kwenye kifuu, kinakaza skrubu za mifuniko, kinafungua makopo, kinakata juu ya sahani za kauri zinazokishinda ugumu, kisha kinalazwa droo moja na miiko ya chuma kigongane nayo usiku kucha. Kibao cha mbao, kuoshwa peke yake, na kufutwa. Basi.

Utani wangu unaishia hapa, kwa sababu ukweli ni kwamba ujuzi huu wote umo ndani ya nyumba zetu tayari. Mkesha wa Idd ya kuchinja, baba anatoa kisu chake kwenye kitambaa, anaomba maji, anakaa na kinoo mpaka vinyweleo vya mkononi vinaondoka. Anafanya hivyo kwa sababu Mtume aliagiza, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba anayechinja anoe kisu na ampunguzie mnyama taabu. Ni agizo zuri mno. Wasiokuwa Waislamu nao hunoa vivyo hivyo Krismasi. Kisha kisu kinafutwa, kinakunjwa, kinarudishwa juu ya kabati na amri kwamba asikiguse mtu, na nyama inapelekwa jikoni ikakatwe vipande kwa kile kingine. Huruma inakomea kwenye kizingiti. Mbuzi anakutana na kisu mara moja maishani na anaandaliwa makali. Mama, au binti, au dada wa kazi anayelipwa kidogo na kuambiwa ni mzembe, anakutana nacho asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayeuliza. Akikiomba kile kizuri anaambiwa atakiharibu. Mtu atasema basi anoe mwenyewe. Wengi wananoa, kwenye ngazi, wakiwa na sufuria motoni. Lakini jiwe halinunuliwi bila mwenye pesa kuona kwamba ni hitaji. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika nyumba nyingi imegeuka: anayekula kwanza, tena kipande kikubwa, ni yule ambaye hajashika kisu tangu Idd iliyopita. Mimi napendekeza methali itekelezwe kwa haki, kuanzia leo jioni. Anayetaka mnofu anoe. Asiyetaka kunoa, apakuliwe mfupa.