Sifa za Maji ya Jirani

Maji ya bomba langu nayasubiri tangu alfajiri na ndoo mkononi, na yakija yanakuja na bili. Maji ya jirani yangu Hajji, mwenye uwanja wa kuoshea magari hapa Kalerwe, Kampala, hayana haja ya kusubiriwa. Yanakuja yenyewe, usiku, bila mita, na sabuni yamekwisha kutiwa. Naona ni haki yasifiwe, na kwa kuwa hakuna mtaani aliyeyapokea zaidi yangu, kazi hiyo ni yangu.

Ni maji safi kwa tabia: yaliosha hadi chini ya kabati ambalo halijasogezwa tangu linunuliwe. Hayana upendeleo, sukari ya mkopo na sukari ya taslimu yaliziyeyusha sawasawa. Yaliwahamisha panya ambao paka wa soko zima wameshindwa nao. Hayo ni madogo, tuyaache.

Sifa yake kuu ni elimu. Niliingia biashara ya unga wa posho na sukari nikijua kujumlisha na kutoa tu. Maji ya Hajji yamenisomesha jiografia, sheria na bima, bila karo, tena kwa vitendo.

Yalianza na jiografia. Kalerwe iko bondeni. Mvua ikinyesha Mulago na Kyebando inateremkia kwetu, inaingia mfereji wa Nsooba kuelekea Lubigi, ambako zamani mafunjo yaliinywa taratibu. Kisha ikaja Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, iliyojengwa kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya na kufunguliwa mwaka 2009, sehemu yake ikikatiza kinamasi hichohicho. Maji yakakosa pa kulala, yakaanza kutafuta vyumba vya kupanga. Sisi watu wa bondeni tukajibu kwa malori ya kifusi. Ukipata pesa unakinyanyua kiwanja chako mpaka kipite cha jirani. Jirani naye akizipata anakinyanyua chake. Hajji alimwaga moramu lori baada ya lori kabla hajaosha gari hata moja. Duka langu halikusogea hata inchi, lakini siku hiyo likawa shimo.

Usiku mmoja wa mvua maji yake yakajaa humo, nami nikapandishwa darasa la sheria. Huko Lancashire, Uingereza, mwaka 1860, tajiri wa pamba aitwaye John Rylands alikuwa amejengewa bwawa kwa ajili ya kiwanda chake. Chini yake kulikuwa na mashimo ya zamani ya makaa ya mawe ambayo hakuna aliyeyaziba. Maji yakapenya humo, yakafurikia mgodi wa jirani yake, Thomas Fletcher. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1868 Rylands akashindwa: anayekusanya kiwanjani kwake kitu kisicho cha kawaida mahali hapo, kitu chenye madhara kikitoroka, basi kikitoroka atalipa, hata kama mwenyewe hakuzembea. Uganda iliirithi sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 11 Agosti 1902, kwa hiyo mabwana hawa wawili ni wakazi halali wa Kalerwe. Mjane wa Rylands alijenga maktaba kubwa Manchester kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1900. Hajji hajaniahidi hata rafu moja.

Nilimpelekea habari za Malodi. Alinisikiliza kwa heshima zote, mpira wa maji mkononi.

“Nyabo,” akasema, “tangi langu lilifurika kidogo tu. Iliyoingia kwako ni mvua. Ile ni kazi ya Mungu.”

Nikanyamaza, maana hoja hiyo hata Waingereza wanaikubali.

Tukabakiwa na chuo kikuu, yaani bima. Katika nchi ambayo ada zote za bima kwa mwaka hazifiki asilimia 1 ya pato la taifa, mimi ni miongoni mwa wateule: benki iliyonikopesha ilinikatia bima bila kuniuliza, kisha ikaikata ada kwenye mkopo. Hati ya bima inasema moto unalipwa. Tangi au bomba likipasuka au likifurika, linalipwa. Mafuriko hayalipwi mpaka uongeze ada, na benki haikuongeza.

Basi akatumwa mthamini wa hasara, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, na uchunguzi wake wote ulikuwa swali moja: katika maji yaliyoingia, mangapi yalikuwa ya Hajji na mangapi ya Mungu? Nikampeleka kwenye magunia. Usawa wa goti, kwenye gunia la pili kutoka chini, palikuwa na mstari mweupe uliokauka. Povu.

“Mvua haitoi povu,” nikamwambia.

Aliupiga picha mstari ule kutoka kila upande, akaupima kwa futi, akaukwangua kwa ukucha, akanusa ukucha. Kisha akaandika: maji ya mchanganyiko, nusu kwa nusu.

Siku zikipita hivyo, Hajji akaja jioni moja na mwenyekiti wa mtaa (LC1), kilo kadhaa za sukari na kuku mzima, akasema yaishe. Ndivyo tunavyomaliza mambo huku, na yanaisha kweli. Nikaipigia kampuni ya bima nikidhani watanipongeza. Yule mama wa upande wa pili wa simu nusura apige kelele: usimsamehe! Kampuni ikikulipa inasimama mahali pako na kumdai aliyekuharibia. Ukimsamehe umeiua haki yao, na dai lako limekufa nayo. Nikasimama mlangoni pangu nikimkataa kuku mbele ya mwenyekiti, kwa sababu za kisheria. Mwenyekiti hajanisalimia vizuri tangu hapo. Hajji naye, hadi ninapoandika haya, kampuni haijamdai hata shilingi.

Hapa sifa zinanikauka kidogo. Maji yalikaa kwangu usiku mmoja, asubuhi yakaenda zake. Karatasi hazijaenda. Nipeleke risiti za unga. Risiti gani? Lori la mahindi kutoka Masindi linashusha kinuni, unga unanifikia kabla jua halijatoka, nalipa mkononi, dereva anataka kuwahi foleni. Nipeleke barua ya LC1, kwa mwenyekiti yuleyule niliyemkatalia kuku. Nipeleke barua ya polisi, kana kwamba maji yamekamatwa. Ofisi niliyoiendea kuuliza habari za mtaro ilisema mtaro una mradi wake, na mradi una ofisi yake. Kote nilikokwenda nilikuta wamekwisha kumwaga kifusi chao, huyu kifungu, yule mhuri, na kila mmoja ananitazama kutoka juu akiniuliza kwa nini nimelowa.

Nao wanajua hesabu kuliko mimi. Mali yote dukani ilikuwa ya milioni 10. Benki iliikatia bima ya milioni 5, kiasi cha deni langu tu. Yasiyo deni hayakuihusu. Kumbe katika bima, ukiilinda nusu ya mali, wewe mwenyewe ndiye bima ya nusu iliyobaki, hata hasara ikiwa ndogo. Hasara yangu ilikuwa milioni 2, kwa hiyo wakaihesabu milioni 1. Ikatolewa nusu ya Mungu, zikabaki laki 5. Yakatolewa malipo ambayo mteja hujibebea kwenye kila dai, laki 2. Laki 3! Nikasema alhamdulillahi, angalau magunia mawili matatu. Lakini hati ina mstari unaosema mlipwaji wa kwanza ni benki, na laki 3 zikaenda benki zikapunguze deni la sukari ambayo Hajji aliimimina mtaroni.

Mimi nililetewa fomu. Nisaini kwamba nimelipwa kikamilifu, nimeridhika, na sina dai lingine lolote sasa wala baadaye. Fomu ilitaka shahidi. Mvua ilikuwa inanyesha, kijana wa kampuni ana haraka, watu wamejificha, na mtu mzima wa karibu asiye na kazi alikuwa Hajji, kwa kuwa hakuna anayeosha gari mvuani. Akaja mbio na mwavuli, akasaini kwa herufi kubwa, akaweka na namba ya simu. Kijana hakumuuliza yeye ni nani.

Hajji ndiye aliyeuliza. Alitaka kujua bima ya namna hii inakatwaje na ni kiasi gani kwa mwaka, maana yule aliyenunua kiwanja cha nyuma yake ameanza kuleta malori ya moramu.