Hori la Mataulo

Mnh! Nikisonya hivi, wenzangu wa hapa chini ya mwarobaini hujua nina jambo kifuani. Malindi yetu hii, nani hana mtu wake Italia? Na kila anayerudi kutoka huko hatukosi kuoneshwa picha: nyumba ya mawe juu ya kilima, mizabibu mistari kwa mistari, na maneno yale yale, "Tulipanga wiki nzima!"

Nami nimepanga. Septemba iliyopita binti wa dada yangu, aliyeolewa kule, alinipeleka Chianti, kati ya Firenze na Siena. Tukakaa siku saba kwenye fleti ndani ya nyumba ya shamba iliyokarabatiwa. Pazuri, wallahi. Zabibu za Sangiovese zilikuwa zimeiva hadi kukaribia weusi, na alfajiri ungesikia trekta likipanda kilima na wachumaji wakiitana. Mimi zabibu nazila, sizinywi, lakini ardhi iliyotunzwa naijua nikiiona. Hawakuanza jana watu wale: mtawala wao Cosimo III de' Medici aliwatangazia mipaka ya eneo lao la mvinyo mwaka 1716.

Bei nitaisema upesi. Inayotajwa mwanzo siyo unayolipa mwisho. Kuna ada ya usafi wa kuondokea, kuna ushuru wa mgeni kwa kila kichwa kila usiku, na bila gari hata mkate huupati. Hayo ulizeni kabla ya kutoa pesa.

Kilichonikaa rohoni ni kingine. Chumba changu kilikuwa cha chini. Ukutani palikuwa na kitu kama mtumbwi mfupi wa jiwe, ndani yake mataulo meupe yamekunjwa vizuri, na juu yake pete nene ya chuma imesuguliwa inang'aa. Karatasi ya wageni ilisifu vigae, ikasifu boriti za zamani, ikasifu bwawa la kuogelea. Watu waliokaa humo haikuwataja hata kwa neno moja.

Tulifika Jumamosi. Bado tunashusha mabegi, akaingia mzee wa makamo ya miaka themanini na ushei, mkononi kikapu cha nyanya. Kitanda hakukitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile pete, akaishika, akaizungusha taratibu, akasema maneno machache.

"Mjomba," mpwa wangu akanigeukia, "hilo ni hori. Anasema hapa walifungwa maksai. Yeye alizaliwa chumba cha juu, na wakati wa baridi joto la ng'ombe ndilo lililowapa usingizi."

Basi nikauliza, nikaelezwa. Mfumo wao uliitwa mezzadria. Nyumba ya tajiri, shamba la tajiri, jasho la familia nzima, na mavuno yanakatwa nusu kwa nusu. Nyapara anakuja kuhesabu. Sikukuu zikifika, mayai na majogoo walionona yanapelekwa kwa mwenye ardhi juu ya ile nusu yake. Mikataba mingine ilidai hata kijana asioe bila tajiri kuridhia. Sisi wa Pwani, tunaozaliwa na kuzikwa kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu aliye mbali, hapo hatuhitaji mkalimani.

Baada ya vita vya pili vijana walichoka. Viwandani kuna mshahara, mjini kuna umeme na maji ya bomba, shambani kuna nusu. Wakashuka vilima familia kwa familia. Sheria ilipokuja mwaka 1964 kupiga marufuku mikataba mipya ya aina ile, nyumba nyingi zilikuwa tupu tayari, paa zinabonyea. Ndipo wageni kutoka Uingereza, Ujerumani na miji mikubwa wakazinunua.

Sisemi zingeachwa zianguke. Afadhali ziwe na watu. Mwaka 1985 Italia ilitunga sheria ya kumruhusu mkulima kupokea wageni nyumbani kwake, ilimradi kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Huo ndio mpango ninaoukubali mimi: unalala kwa mtu mwenye udongo kwenye kucha, kodi yako inamsaidia kushika shamba lake. Nyumba yetu haikuwa hivyo. Mwenyewe yuko mbali, ufunguo tuliutoa kwenye kisanduku cha namba, na mizabibu inayoizunguka inachumwa na kampuni. Lakini hata yeye, angeshindwa nini kuandika mistari mitatu kwenye karatasi ile? Kwamba hapa iliishi familia, walifuga maksai weupe, waliondoka kwa sababu hii. Wino bei gani, jamani?

Usiku ule niliyatoa mataulo horini, nikayaweka kitini. Sikuweza kuyaacha mle.

Jana nilipokuwa nikisimulia haya, muuza kahawa wetu alishika vikombe vyake kimya, kisha akauliza, "Na huyo mzee sasa anakaa wapi?"

Anakaa bondeni, kwenye fleti ya serikali, ghorofa ya pili. Jumamosi wageni hubadilishana, na mlango huachwa wazi kwa ajili ya usafi. Hiyo ndiyo siku anayopanda.