Harusi ya Wifi Ndani ya Laptopu

Baba Zuhura alirudi kutoka Kariakoo na laptopu kwapani, na kabla hajavua viatu alishatangaza: "i7 hii! GB 500!" Zuhura, anayesomea ukadiriaji majenzi, akauliza ramu ni ngapi. Babake akamjibu kwamba mashine ya GB 500 haiulizwi vimaswali.

Kuwaka tu, maharage yangu jikoni yalikaribia kuiva. Zuhura akifungua programu ya kuchorea na kivinjari pamoja, kila kitu kinaganda, ndani mnasikika mkwaruzo. "Imeshiba," Baba Zuhura akahukumu. Usiku, tumelala, akafuta kila faili kubwa aliloliona, ikiwemo video ya harusi ya wifi yangu tuliyoihifadhi humo, kisha akalimwaga na pipa la taka, maana yeye hafanyi kazi nusunusu. Kadi ya kamera ilikwisha kurekodiwa harusi nyingine. Asubuhi mashine ikaamka na mwendo wake uleule.

Wifi alipopata habari, mtaa mzima ulipata.

Akaitwa kaka yangu, fundi wa kompyuta. Amri yake ya kwanza: izimwe, asiiguse mtu. Ndipo akamgeukia mwenye kosa.

"Shemeji, hizo 500 ni za diski, ghala tu. Ramu unayo GB 4. Sufuria la pilau jikoni ni kubwa, lakini sinia lako ni dogo na walaji wengi. Wapakuaji watashinda njiani."

Mkwaruzo ule ndio ulikuwa huko njiani: ramu ikijaa, mashine huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha huirudisha ikihitajika. Na diski yetu ilikuwa ya sahani inayozunguka, inayosoma kama MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika 500. Diski ilikuwa karibu tupu. Hata angefuta harusi za ukoo mzima, ramu isingeongezeka.

"Lakini ni i7," Baba Zuhura akajitetea, sauti imeshuka. Kaka akamsomea namba kamili: i7-2620M. Ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011, na prosesa hiyo ina viini viwili. i5-8250U ya 2017 ina vinne, na Windows 11 inaikubali. Hii yetu haimo kwenye orodha ya Microsoft.

Kilichomwokoa Baba Zuhura ni diski ileile tuliyoilaani. Faili ikifutwa kwenye diski ya kuzunguka, mashine huandika tu kwamba pale pana nafasi. Data hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD nyingi husafisha nafasi hiyo zenyewe, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Kaka akaichomoa diski yetu, akaiunga kwenye mashine yake, na harusi ikarudi, isipokuwa kipande cha hotuba ya Baba Zuhura. Wifi akasema hicho hakidai.

Tukaongeza ramu ikawa GB 8, tukatia SSD. Prosesa ilibaki ileile, na Zuhura anachora.

Wewe unayekwenda dukani, usitoe hela kabla ya kuiwasha na kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa utendaji wa dirisha litakalofunguka utasoma namba kamili ya prosesa, ukubwa wa ramu na aina ya diski. Muuzaji akikuzuia, ondoka na hela zako.